Kabila Lisiloulizwa Swali la Pili

Kwenye makaratasi mimi ni Mnubi, binti yangu ni Msamia, na mdogo wangu wa kiume, ambaye alivuka zamani akahamia upande wa Kenya, ni Mteso. Mimi na yeye tumetoka tumbo moja. Ukizipanga kadi zetu mezani utadhani tumekutana stendi tukisubiri gari. Ukweli ni kwamba sisi ni Waarabu wa Tororo. Babu yetu alitoka Hadhramaut akapitia Mombasa, akafika huku na cherehani yake, akaoa binti wa Kijapadhola, akashona kanzu na sare za shule mpaka macho yakamwisha. Kwa hiyo mtu akitaka kutupa kabila kwa haki, ana kazi.

Hakuna aliyetulazimisha kujigawa hivyo. Yalikuwa maarifa ya marehemu baba. Alikuwa akituambia, "Taja kabila ambalo halitaulizwa swali la pili." Ukisema Mwarabu, karani anainua kichwa: Mwarabu wa wapi? Baba yako kazaliwa wapi? Mnarudi lini kwenu? Ukisema Msamia, na Kisamia chako kikawa kinatoka vizuri, kalamu inaendelea. Baba aliwahi kuona watu wenye nywele kama zetu wakipewa siku chache za kufunga mizigo na kuondoka nchini, na tangu hapo hakutaka jina la watu wake lionekane kwenye orodha yoyote. Basi kila mmoja wetu akachukua kabila la majirani aliokuwa nao siku ya kuandikishwa. Siku za Idi tulikuwa tukicheka kwamba makabila matatu yanakula biriani sinia moja.

Nimeanza na kichekesho hiki kwa sababu nusura kimuue mjukuu wangu. Niseme mapema kwamba hakufa, maana mimi mwenyewe sipendi mtu anayenisimulia habari ya mtoto mgonjwa huku akinichelewesha makusudi. Yuko hai na ana mashavu. Lakini kulikuwa na jambo jingine baada ya kupona, na hilo ndilo tulilolisubiri miezi miwili tukiwa hatulali vizuri.

Binti yangu ameolewa Tiira, ambako mumewe anauza pampu za maji na kamba kwa wachimbaji wa dhahabu. Alijifungua salama mtoto wa kiume, wake wa kwanza, na siku iliyofuata akaja kwangu Busia kukaa arobaini, kama ilivyo desturi yetu. Nami nilikuwa tayari. Nilikuwa nimelitoa sanduku.

Ni sanduku la bati la marehemu mama, na ndani yake zimo nguo za watoto wote wa ukoo: winda za pamba laini, kanzu ndogo za kufungia ubavuni, mashuka ya kutandikia, na shali nyeupe ya sufu iliyonifunika mimi mwenyewe. Mtoto wetu akizaliwa havai nguo ya dukani mpaka zipite siku arobaini. Anavaa za waliomtangulia. Wakati hakuna mtoto, nguo zinalala sandukuni na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende, na mimi si mchoyo wa naftalini. Kila mwaka nilimwaga pakiti nzima. Hatuzifui wakati wa kuzitoa, kwa sababu ziliingia zikiwa safi. Tunazifukiza udi tu, harufu ya vidonge inakufa, na mtoto ananukia kama bwana harusi.

Siku ya tatu tulimpeleka kwenye kituo cha afya cha karibu akaangaliwe. Rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka manjano. Muuguzi alimpima uzito, akamgeuza huku na huku, akatabasamu.

"Mama, hii mtoto iko sawa tu. Nyinyi Waarabu rangi yenu si ni hii?"

Tazama maajabu: kwenye daftari lake binti yangu alikuwa Msamia, lakini kwa macho yake alikuwa Mwarabu. Nami nilikubali haraka kuliko yeye alivyosema. Nilifurahi hata. Majirani wote walikuwa wakimsifu, mtoto mweupe, mtoto mzuri, na bibi gani atakataa sifa? Siwezi kumlaumu yule muuguzi peke yake. Alikosea kwa upole, na mimi nilimsaidia kukosea.

Siku ya tano mtoto aliacha kunyonya. Analala, unamwamsha, analia kidogo kwa sauti nyembamba, analala tena. Binti yangu alimfunua jicho kwa kidole, kisha akaniita.

"Mama, hata Waarabu macho yao huwa meupe."

Nikatazama. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya bizari. Tulimwomba jirani mwenye gari, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Tororo hospitalini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, Mjapadhola, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo inakulazimisha umsogelee. Alimbonyeza mtoto kwenye pua, akatazama rangi inayobaki chini ya kidole, akachukua damu, akamlaza na winda tu chini ya taa za buluu, macho yamefungwa kitambaa. Kisha akakaa na faili lake akaanza maswali. Kabila? Binti yangu akasema Msamia, kama kadi yake inavyosema. Kwenu kuna selimundu? Hapana. Kundi la damu la mama? Akajibu. Halafu daktari akanigeukia mimi.

"Mama mzee, kwenu kuna mtoto alikuwa manjano hivi? Kuna mtoto mwanaume alikufa mdogo?"

"Hakuna, daktari," nikasema.

Nilisema uongo bila hata kutafuta. Ulikuwa umekaa mdomoni tayari.

Mama yangu alizaa wavulana watatu. Wawili walikufa kabla ya arobaini, wote manjano, na ikasemwa ni jicho la watu. Wa tatu, huyu mdogo wangu, naye aligeuka manjano lakini akapona. Alipofika miaka tisa, katika mwezi wa Ramadhani, mgeni mmoja alituletea ful, yale maharage makubwa ya Kiarabu. Sote tulikula. Siku mbili baadaye mdogo wangu alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa, akalala wiki nzima macho yamebadilika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na ndiye niliyetumwa kumwaga ile sufuria. Mama alituweka chini wasichana wote akatuapisha: haya yasitoke nje ya mlango huu. Nani ataoa kwenye nyumba yenye damu mbovu? Tukaapa. Ful haikupikwa kwetu tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, na sijawahi kuitoa habari hiyo hata kwa binti yangu. Hivyo daktari aliponiuliza, aliyemjibu hakuwa bibi wa mtoto. Alikuwa yule msichana wa miaka kumi na miwili.

Tulikaa chini ya zile taa siku mbili. Asubuhi ya kwanza kipimo cha manjano kilikuwa kimeshuka, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mama wa kitanda cha pili akaitikia amina. Jioni kikapanda tena. Kesho yake hivyo hivyo: asubuhi nafuu, jioni balaa. Daktari alikuwa akisimama pale na karatasi zake akikunja uso. Binti yangu hakuwa akila. Na mimi, bibi mwenye mapenzi, nilikuwa nimejipa kazi. Ndugu wa mumewe walikuwa wakitumwa Busia kila siku kuniletea furushi kutoka sandukuni, na kila asubuhi nilimtandikia mtoto shuka safi chini yake, nikamfunga winda safi, zote zimefukizwa. Wauguzi walikuwa wakipita wakisema kitanda chetu kinanukia vizuri. Nilivimba kichwa kwa hilo. Mtoto anaungua ndani kwa ndani, na mimi navimba kichwa.

Jioni hiyo ya pili daktari alituita pembeni.

"Damu yake inavunjika," alisema. "Taa inasafisha, lakini kuna kitu inaendelea kuvunja, na mimi sijui ni nini. Nimeomba damu ya kumwongeza. Lakini nisipojua hiyo kitu, tutakimbizana nayo tu. Na mjue, manjano ikipanda sana inaingia kwa ubongo. Mara nyingi inaanza na masikio. Mtoto anaweza kupona na asisikie."

Binti yangu alishika ukuta. Mimi mawazo yangu yalikwenda kwingine. Mdogo wangu hasikii vizuri. Ukitaka kuongea naye lazima umsogelee sikioni na uinue sauti, na yeye naye anaongea kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nyumbani kwetu inajulikana kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani alimpiga makofi alipokosea kusoma, moja kila upande. Mwalimu huyo alikufa miaka mingi iliyopita na bado tulikuwa tukimlaani. Pale ukutani, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza nani kati yetu aliwahi kuyaona hayo makofi. Hakuna. Alikuwa haitiki vizuri hata kabla hajaanza chuo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata uani kumshika mkono aje kula, kwa sababu kuitwa kulikuwa hakumfikii.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote na kuwatolea watu wengine.

Daktari alikuwa ameshageuka kwenda. Nilimfuata kwenye korido nikamshika koti.

"Daktari, nimekudanganya."

Alisimama. Nilitazamia anifokee, na ningestahili. Yeye alivuta benchi, akakaa, akanivuta mkono nikae.

"Sema yote, mama. Pole pole."

Nikasema. Wavulana wawili, jicho, ful, sufuria, kiapo, masikio. Nilisema nikilia na nikijipangusa na ushungi, na watu wakipita. Mwisho nikaongeza, "Na sisi si Wasamia. Mimi si Mnubi pia. Sisi ni Waarabu." Ajabu ni kwamba hilo la mwisho ndilo lililonitoka kwa shida zaidi, kama nakiri wizi.

Yeye hata hakushangaa. Alikuwa ameinama mbele, anafikiri upesi.

"Ful mtoto hajala. Mama yake amekula?"

"Hapana. Kwetu haipikwi."

"Dawa za kienyeji?"

"Hapana."

"Hizi nguo unaleta kila siku. Zinakaa wapi?"

"Sandukuni. Ni za ukoo."

"Na unaweka nini ndani, zisiliwe na wadudu?"

Nilipotaja naftalini alikuwa ameshainuka. Mimi sijawahi kuona daktari akikimbia, lakini yule alikimbia. Nilipofika mlangoni alikuwa tayari amemnyanyua mtoto, anavuta shuka kwa mkono mmoja, anavua winda, analisukuma furushi langu lote nje kwa mguu. Alinusa shuka moja, akalisogeza karibu zaidi, akanusa tena. Chini ya udi ilikuwepo ile harufu. Muuguzi mmoja, Mganda, alifungua leso yake mwenyewe kiunoni akaitandika. Mtoto akalazwa juu ya leso ya Mganda yenye picha za mananasi, na mimi niliyekuwa nikijivunia shali ya sufu nilitamani kuibusu ile leso.

Baadaye alitueleza. Kuna kinga fulani ndani ya damu ambayo watu wengine huzaliwa bila hiyo au na kidogo tu. Wanawake huibeba hitilafu hiyo mara nyingi bila kuumwa, na wana wao wa kiume ndio wanaoumwa. Mtu anaweza kuishi nayo vizuri tu mpaka akutane na ful, au dawa fulani, au naftalini. Vile vidonge haviliwi, lakini harufu yake inapita kwenye ngozi na pumzi, na kwa mtoto wa siku tano inatosha.

"Hata watu wa kwetu wanayo," daktari alisema. "Lakini kwa wengi wetu ni nyepesi. Ya kwenu wakati mwingine ni kali. Ningejua nyinyi ni nani, hili la nguo ningeuliza siku ile ya kwanza." Akafunga faili. "Mimi niko hapa miaka minne. Kwa kitabu sijawahi kuandika Mwarabu hata mmoja. Na nikienda sokoni nawaona kila siku."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma. Miaka yote nilidhani tumewaponyoka makarani, na kumbe tulimponyoka hata mtu aliyetaka kutuponya. Unaogopa swali la pili, halafu swali la pili ndilo lililokuwa na dawa.

Mtoto aliongezwa damu mara moja. Asubuhi yake kipimo kilishuka, na jioni, ile jioni niliyokuwa nikiiogopa kuliko deni, kikabaki chini. Kesho yake kikashuka zaidi. Siku ya nne tangu aongezwe damu alinyonya mpaka akapaliwa na maziwa, akakasirika, akalia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Nililala sakafuni kwenye mkeka katikati ya mchana, nikalala usingizi ambao sijalala tangu ujana. Binti yangu anasema nilikoroma mpaka wodi nzima ikacheka. Waache wacheke.

Lakini binti yangu alikuwa na lake. Alisubiri mtoto atulie, kisha akaniambia bila kunitazama, "Nimebeba kitu hiki mwilini mwangu, Mama, na wewe ulijua."

"Nilijua nusu," nikasema.

"Nusu hiyo ungenipa."

Nilimwomba msamaha kwa maneno, jambo ambalo wazazi wa kizazi changu hatukufundishwa. Yeye akaniomba nimshikie mtoto aende kuoga. Nikajua nimesamehewa, au angalau nimeaminiwa kwa dakika kumi.

Mdogo wangu alivuka mpaka kuja kutuona, na daktari akataka kumpima damu yake pia.

"Huyu ni nani yenu?" aliuliza.

"Ndugu yangu wa tumbo moja."

Akatazama kadi ya Kenya. "Hapa ni Mteso."

"Huyo ni yeye," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu tufike daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Damu ilitumwa mbali, majibu yakarudi baadaye, na yalikuwa kama alivyodhani. Ilibidi mimi ndiye nimweleze mdogo wangu kuhusu masikio yake, kwa kumpigia kelele kwenye korido ya hospitali, habari ya siri kuliko zote za nyumbani kwetu, watu wote wakisikia. Alinitazama kinywani mpaka nilipomaliza. Daktari alikuwa amesema hana hakika, baada ya miaka yote hiyo hakuna awezaye kuapa, lakini inaelekea ni ile manjano ya utotoni.

"Kwa hivyo yule mwalimu nimemlaani bure?" alisema kwa sauti yake ile, korido nzima ikageuka. "Dada, mimi nimemlaani yule mzee kila Ijumaa!"

Ijumaa iliyofuata alimsomea khitma. Alinunua tende na kahawa, akawaalika watu wa msikitini kwake, akawaambia anamwombea mwalimu wake. Watu walisema ni mwanafunzi mwema sana.

Tulirudi Busia. Niliosha kila nguo ya sandukuni kwa maji ya moto na sabuni, nikazirudia mara tatu, nikazianika juani siku nyingi, na mwishowe hata hivyo sikuthubutu kumvalisha. Mjukuu wangu amevaa nguo za dukani tangu siku ya nane ya maisha yake na dunia haijaanguka. Kisha nikaenda kwa wanawake wa kwetu. Sisi hatuko wengi hapa mpakani, na kila mmoja amejiandikisha anavyojua, lakini kwenye harusi na misiba tunajuana sote. Nilingoja kisomo cha wanawake, na walipoanza kugawa chai nikasimama nikasema yote, hata habari ya kiapo. Aliyekuwa akimimina chai aliishikilia birika hewani. Nikajua kesho nitakuwa mwendawazimu wa mji. Halafu mama mmoja mtu mzima, anayeuza vitambaa sokoni, akasema taratibu, "Wangu alikufa siku ya tisa. Alikuwa manjano." Mwingine akasema wake yuko hai lakini hatembei vizuri. Msichana mjamzito alikuwa amekaa karibu na mlango, na mama mkwe wake akainuka bila kuaga. Tulidhani amechukia. Kumbe amekwenda nyumbani kufungua sanduku.

Daktari wetu alikubali kuja siku moja alasiri kuongea nao. Wengine walimwambia kabila lao la kweli, wengine walikataa, na yeye hakuwalazimisha. Aliwaambia, "Kadi ni ya serikali. Mimi nipeni tu ukweli wa damu, mtoto apone." Hilo walilielewa.

Sasa yale masikio.

Daktari alisema tumrudishe mtoto akifika miezi miwili, ataangaliwa kama anasikia. Miezi miwili ni mirefu. Nyumba yangu iko karibu na barabara ya malori yanayosubiri kuvuka, na malori hayo yanapiga honi kama yanagombana. Mtoto alilala katikati ya honi hizo zote, hafumbui jicho. Wageni wakisema, "Mashallah, mtoto mtulivu," mimi ninakwenda jikoni kulia. Ningependa mno awe msumbufu. Nilianza kumjaribu kwa siri. Binti yangu akienda kuoga, ninachukua kifuniko cha sufuria, ninapiga na mwiko nyuma ya pazia, kisha ninachungulia. Siku nyingine nilidhani ameshtuka, siku nyingine si yeye, ni upepo umemgusa. Sikutaka kumwambia mama yake na kumwongezea.

Siku moja niliingia na kifuniko changu, nikamkuta yeye ameinama juu ya mtoto, anatikisa shada la funguo nyuma ya sikio lake. Tukatazamana, mimi na kifuniko, yeye na funguo. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nami nikalia naye, na mtoto akaendelea kulala fofofo kama tajiri.

Siku ya kwenda Tororo ilifika. Daktari alimweka mtoto mapajani mwa mama yake, akasimama nyuma, akatikisa kopo lenye vijiko. Mtoto alikuwa ameshiba. Macho yalikuwa nusu wazi, yanatazama dirisha. Hakugeuka. Daktari akahamia upande wa pili akatikisa tena. Hakugeuka. Akapiga makofi. Mtoto akapiga mwayo.

"Ameshiba sana," daktari alisema haraka. "Hii si jibu. Tutarudia, na tukikosa kuna mashine Mbale." Lakini hakunitazama machoni, na binti yangu alianza kumfunga mtoto kitambaa kana kwamba kuna baridi. Mimi nilitazama ukutani, palikuwa na picha ya mama anayenawa mikono. Nilikuwa nikijiambia kwamba kutosikia si kufa, kwamba mdogo wangu ana watoto wanne na duka la vipuri na anacheka kuliko mimi, kwamba nimeshapewa zaidi ya nilichostahili. Yote yalikuwa kweli, na hayakunisaidia kitu.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu alikuwa amecheleweshwa mpakani na sasa ameingia, anahema, kofia mkononi. Alitutazama nyuso zetu mmoja mmoja.

"VIPI? AMESIKIA?"

Mtoto aliruka. Mikono miwili ilirushwa hewani, vidole vimetanuka, uso ukakunjamana wote, na kabla hatujapumua akaachia kilio kikali kuelekea mlangoni, kuelekea yule mtu, macho yamemkodolea. Hakuna aliyesogea. Daktari alikuwa ameshika kopo lake kifuani kwa mikono miwili.

Mdogo wangu aliona ule uso mdogo umekunjamana, mdomo umefunguka, akarudi nyuma hatua moja kwa aibu. "Nimemtisha? Analia kwa sababu yangu?"

Binti yangu aliinuka na mtoto wake anayelia, akamwendea mjomba wake, akaweka mdomo sikioni mwake kama tunavyofanya sote.

"Amekusikia, Mjomba."

Ilibidi amwambie mara ya pili.